Mkwe wa Perapera

Kama umewahi kusukwa kwenye saluni yetu, basi unajua Kijapani, hata kama hujui kwamba unakijua. Umekaa kitini, kichwa kimevutwa hadi nyusi zimepanda, dada yangu anakuuliza, "Chikuchiku?" nawe unajibu, "Chikuchiku kidogo, hapa nyuma ya sikio." Hapo atalegeza. Chikuchiku ni maumivu ya kuchomwachomwa na ncha. Zukizuki ni kichwa kinachogonga kwa ndani, kichwa cha mtu aliyesukwa jana na hakupata usingizi. Hirihiri ni dawa ya kulainisha nywele inapoanza kula ngozi, na ukitamka hirihiri kwetu, watu wawili wanaruka na maji kabla hujamaliza neno.

Maneno hayo aliyaleta dada, naye aliyapata kwa mjukuu wake kwa njia ya simu. Wateja wakambandika jina la Perapera. Maana yake aliwaambia mwenyewe: ni mtu anayesema lugha bila kukwama, maneno yanamtoka kama bomba lililofunguliwa. Alikuwa akieleza tu, lakini alieleza huku akijigusa kifua, na jina likamkaa. Hakulikataa. Dada yangu hajawahi kurudisha sifa, hata ile iliyokosea njia.

Mimi ni mdogo wake. Nyumba ni yake, saluni ni chumba cha mbele cha nyumba hiyo, na kazi tunafanya wawili. Watu husema mimi ndiye mwenye ulimi mkali, na mimi huwajibu kwamba afadhali ulimi mkali kuliko ulimi mrefu. Dada husikia, huzidisha mafuta kwenye kichwa kilicho mbele yake.

Kijana wake, ambaye ni mwanangu pia kwa kuwa mimi ni mama yake mdogo, alikwenda mbali kusoma, akapata kazi ya kutengeneza lifti, kisha akapata na mke. Alitupigia simu baada ya kuoa, si kabla. Dada alikuwa anamwosha mteja kichwa. Aliibana simu kwa bega, akasikiliza, akasema, "Haya," akaendelea kusugua hadi mteja akalalamika kwamba sabuni ilishatoka zamani.

Hakumtaka yule binti. Hakumjua, hakumwona, ila hakumtaka, na sababu zake zilibadilika kila wiki: mara watoto watakosa lugha, mara kijana hatarudi tena, mara atazikwa huko kama mtu asiye na kwao. Binti mwenyewe alikuwa amejifunza Kiswahili. Alikaa na vitabu akajifunza, kwa ajili yetu. Alikuwa akijitokeza kwenye kioo cha simu, mgongo umenyooka, na kusema taratibu, "Shikamoo, mama." Dada alikuwa akijibu, "Haya, haya, mtandao mbaya," na kukata. Mtandao wetu ulikuwa mbaya kwa miaka.

Kilichoutengeneza ni mtoto. Alizaliwa, akatambaa, akafikia umri wa kunyang'anya watu simu. Siku moja aliinyakua akaingia nayo bafuni, na dada, aliyekuwa anatafuta njia ya kukata, akaona sabuni ikiponyoka kwenye mkono mdogo na kutumbukia kwenye beseni. "Chubwi!" akasema, bila kufikiri. Mtoto aliganda, kisha akacheka kicheko cha tumboni, akaiokota sabuni, akaitupa tena. "Dobon!" akasema. Kwao sabuni inatumbukia hivyo. Tangu siku hiyo tulimwita Chubwi, na dada yangu akapendwa na mtu mmoja ambaye hakuwa amepanga kumpenda.

Wakawa wanabadilishana sauti kama wachuuzi wawili wa soko moja: lete yako nikupe yangu. Kulala kwao ni guuguu, kwetu fofofo. Mvua kubwa kwao ni zaazaa, na dada akauliza kama huko mvua inazaa, inazaa nini, vyura? Kitu kinachong'aa ni pikapika, na jioni hiyo dada alisugua masufuria yote akisema anayapikapika, na sisi tukala mkate mkavu kwa sababu hakuna aliyepika. Mtu anayetabasamu ni nikoniko. Hilo alilipenda kuliko yote. Kila akishika simu akawa anaanza, "Niko, niko!" na mtoto anaitikia kwa meno yake yote.

Kisha siku moja mtoto akauliza kimya kinaliaje. Akasema kwao kimya kinalia shiin. Dada alifikiri, kitana kimesimama hewani.

"Kwetu kimya hakilii, mjukuu wangu. Kwetu kinatulia. Tuli."

"Tuli," akasema Chubwi, akiteremsha sauti. Wakatazamana hivyo hivyo bila neno, mmoja huku mmoja kule, hadi mteja aliyekuwa kitini akakohoa.

Sasa nami niseme. Mtu mwenye maneno ya mvua, njaa na usingizi hajui lugha. Ana vifungo, shati hana. Dada alilijua hilo kuliko yeyote. Lakini wateja walikuwa wakiuliza, kama wateja wanavyouliza, "Vipi, mmeshazoeana na mkwe?" na yeye akijibu, "Sisi tunaongea kila siku. Perapera!" Saluni inacheka, swali linakufa. Kumbe alikuwa anaongea na mtoto tu. Mkwe akitokea kwenye kioo bado alipewa "haya" yake, kavu, na kuagwa. Jina la Perapera lilikuwa shuka, na chini ya shuka kulikuwa na mtandao mbaya.

Walikuja Jumamosi, siku ambayo kwetu hata kizingiti kinakaliwa. Kijana, mkewe, Chubwi, na mtu mmoja ambaye hatukumtarajia hadi wiki ile: mama mzazi wa mkwe. Mama mwembamba, nywele nyeupe zilizokatwa sambamba na kidevu, ambazo kikazi nilizipenda papo hapo. Alisimama mlangoni akainama, akasogea hatua, akainama tena, na wateja walio chini ya mataulo wakainamisha vichwa walivyoweza.

Begi lao moja lilikuwa limebaki uwanja wa ndege. Kijana na mkewe walilazimika kurudi kulifuata. Kabla ya kutoka, mkwe alimkabili dada, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kupanga neno kwa neno, "Mama, nakuachia mama yangu."

"Haya," akasema dada.

Niliona uso wa yule binti. Alitegemea kitu kingine baada ya safari yote ile, hata neno moja la ziada, na alipoona halitoki aliinama na kutoka. Niliona aibu kwa niaba ya nyumba yetu, lakini mikono yangu ilikuwa na dawa na kichwa cha mtu kilikuwa kinasubiri.

Gari halikuwa limefika kona, nesi akaanza. Nesi ni mteja wetu wa siku zote, mwanamke mwenye sauti ya wodini. Alikuwa amesukwa nusu kichwa, nusu nyingine imesimama kama kuku aliyechokozwa.

"Haya, Perapera," akasema, "leo ndiyo leo. Mkaribishe mgeni kwa Kijapani, nasi tusikie."

"Tusikie!" wakaitikia wengine.

Nilimtazama dada nikamwona anatafuta pa kutokea. Mgeni alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu pamoja, mkoba mapajani. Naye, kama aliyehisi kwamba jambo linatakiwa kwake, akafungua mkoba na kutoa simu. Aliiashiria, akaashiria mdomo wake, akaashiria sisi. Simu ilikuwa na ile sauti ya kutafsiri, aliibonyeza ikasema kwa Kiswahili cha bati, "Ningependa kuzungumza." Kila kitu kingekwenda salama hapo. Ningetaka uikumbuke simu hiyo.

Dada aliipunga kwa mkono. "Weka, weka! Simu ya nini na mimi nipo?" Akajigusa kifua, kama alivyozoea, akamwambia mgeni moja kwa moja: "Perapera."

Yule mama alimtazama. Kisha nikaona uso wake ukilegea kama mtu aliyebebewa mzigo katikati ya ngazi. Alisema neno moja la kuuliza, na dada akatikisa kichwa kukubali, ndiyo, ndiyo, perapera. Mgeni akairudisha simu mkobani. Aliangalia mlango ambao bintiye alitokea, kuhakikisha kwamba kweli hayupo. Halafu akaondoka kitini, akapiga magoti sakafuni.

Jumamosi sakafu yetu si ya kupigiwa magoti. Kulikuwa na vipande vya nywele za bandia, vumbi la dawa, pini. Aliweka viganja chini na kuanza kusema. Alisema kwa sauti ya chini, sentensi ndefu, moja baada ya nyingine, bila kuinua macho. Nilisikiliza kwa makini nikingoja hata neno moja tulijualo, guuguu, zaazaa, chochote. Halikuja. Hakuwa anazungumza lugha ya watoto.

"Anasemaje?" akanong'ona nesi.

Na dada akatafsiri. Mungu atusamehe, akatafsiri! "Anasema anashukuru sana kwa mapokezi," akasema. Mgeni akaendelea. "Anasema kijana wetu amelelewa, ana adabu, hajawahi kuona." Sauti ya mgeni ikakatika kidogo, ikaunganika. "Anasema... anasema saluni kama hii kwao hakuna. Safi namna hii."

"Safi!" akasema mmoja, akitazama sakafu, na watu wakacheka kwa furaha.

Hapo mgeni akainama hadi paji la uso likagusa chini, akabaki hivyo.

"Na hiyo?"

"Hivyo ndivyo wanavyosalimia watu wa heshima," akasema dada.

Ndipo makofi yakalipuka. Makofi na vifijo. Nesi alipiga mapaja, aliye chini ya mashine ya kukaushia alitoa kichwa kwenye kofia yake ili apige vizuri. Mimi pia nilipiga, na dawa ikanirukia shavuni. Yule mama aliinua uso polepole akatukuta tumekenua wote. Nyuzi za nywele za bandia zilikuwa zimemganda kwenye paji. Alijaribu kutabasamu, kwa sababu sisi tulikuwa tunatabasamu, na tabasamu likamshinda njiani.

"Bibi hajasema hivyo," ikasema sauti chini ya meza.

Tulikuwa tumemsahau Chubwi. Alikuwa kule tangu mwanzo, amezipanga rola kwa rangi. Wazee wote duniani hudhani mtoto anayecheza hasikii, na bibi yake wa pili alikuwa mzee kama wengine.

"Cheza, mjukuu wangu," akasema dada upesi.

"Bibi hajasema asante. Amesema samahani. Amesema samahani mara nyingi." Mtoto alitoka chini ya meza akiwa na rola ya njano mkononi. Kiswahili chake ni cha baba yake, safi, ila anakisema kwa uangalifu, kama mtu anayevuka barabara. "Amesema hakumtaka baba. Amesema alifunga mlango. Mama alikuwa nje na mimi nilikuwa tumboni, na bibi hakufungua. Amesema baba ni mtu mzuri na yeye hakujua. Anawaomba mama zake baba msamaha."

Saluni yetu ina redio, feni na mashine mbili, lakini sikumbuki kusikia chochote kati ya hivyo.

"Mungu wangu," akasema nesi. "Na tumempigia makofi."

Mgeni alikuwa anatazama sura moja hadi nyingine, bado yuko magotini. Alimwuliza mtoto kitu, kwa ufupi. Mtoto akajibu, akimnyooshea dada kidole kidogo. Sikuhitaji mkalimani: alimwambia kwamba Bibi Niko-niko hajui Kijapani. Yule mama aliziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amefanya safari ya kuvuka bahari na neno moja, amemngojea bintiye atoke ili aliseme, amelisema akiwa chini, na limesikika kwa wateja wa Jumamosi kama sifa ya sakafu.

Nimeona dada yangu akifiwa na mume, na nimemwona akiungua mkono kwa pasi ya nywele. Sijawahi kuuona uso wake ule. Ulikuwa umevuliwa kila kitu. Nilimwonea aibu, halafu nikaona aibu kwamba ninamwonea yeye tu, kana kwamba makofi yangu yalipigwa na mtu mwingine.

Nikafanya ninachojua kufanya. "Haya, wote nje!" nikasema. "Saluni imefungwa. Nusu kichwa, robo kichwa, sijali. Nje!"

"Waache wakae," akasema dada.

"Dada..."

"Walikuwapo wakipiga makofi. Na hili walisikie wakiwapo." Akavuta pumzi, akamwita mtoto, na mtoto akaja. "Chubwi, mwambie bibi yako... mwambie, mimi pia."

"Wewe pia nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mtu anaweza kuungama kwa Mungu, kwa hakimu, kwa jirani. Yeye alitakiwa kuungama kwa mtu wa darasa la kwanza, tena ampe maneno yale ayabebe kwa mdomo wake.

"Mimi pia sikumtaka," akasema.

"Hukumtaka baba?"

"Baba ni mwanangu. Sikumtaka..." Alitazama kioo, akajiona, akaacha kutazama. "Mama yako."

Mtoto alifikiri. Niliona anapanga vitu kichwani kama alivyopanga rola. "Lakini mama anasema kwenu mtandao ni mbaya," akasema. "Kila ukikata, anasema masikini, mtandao wao ni mbaya."

"Mtandao haukuwa mbaya," akasema dada.

Dada angeweza kutaja sababu. Alikuwa nazo za kila wiki. Hakutaja hata moja. Alibaki akimtazama mtoto, na mtoto akaangalia rola mkononi mwake. Kisha akamgeukia bibi yake wa pili, akasema maneno machache bila kumtazama. Sijui alisema nini. Nilisikia "mama" ndani yake, na nilisikia "mtandao", la kwetu, alilopachika katikati ya yale ya kwao. Alipomaliza alikwenda kwenye kiti cha mwisho, akapanda, akavuta ile kofia ya mashine ya kukaushia ikamfunika hadi kidevuni.

Dada alishuka sakafuni. Magoti yake si mazima, alishuka kwa kushikilia meza. Akawa ana kwa ana na yule mama, na kwa vidole vile vile anavyofanyia kazi akaanza kumtoa nyuzi zilizomganda kwenye paji, moja moja, na kuzifuta kwenye aproni. Mgeni alimwachia. Nyuzi zilipokwisha, dada aliweka mkono kifuani. Safari hii hakuwa anajisifu.

"Chikuchiku," akasema. Ndilo neno alilokuwa nalo.

Yule mama aliangalia mkono ule. Akaweka wake kifuani pia, akatikisa kichwa kukataa. "Zukizuki," akasema.

Na saluni nzima ikaelewa, bila simu na bila mtoto. Nesi aligeuza uso ukutani. Sote tulijua tofauti: kimoja ni cha ncha, kingine ni cha kugonga kwa ndani, siku baada ya siku, na hakilegezwi kwa kufumua msuko mmoja.

Dada aligeukia kiti cha mwisho. "Chubwi," akaita.

Kofia haikutikisika.

"Chubwi, mama. Niko, niko."

Nilitamani asingesema. Ile ilikuwa salamu yao, haijawahi kukosa jibu tangu siku ya kwanza, na sasa ilikwenda ikarudi mikono mitupu. Miguu ya mtoto ilining'inia, soksi moja imeshuka. Dada alijifuta uso kwa aproni yenye mafuta, akaupaka zaidi. Sote tukangoja, na hakuna kilichokuja.

"Turi," akasema yule mama.

Dada aliinua kichwa. Mgeni alikuwa ameelekeza kiganja chini, taratibu, kama mtu anayefunika chungu. "Turi," akarudia, na kuzungusha macho saluni nzima, vichwa vyetu, vitana vyetu, mdomo wangu uliofungwa. Kwa sauti ndogo dada akamjibu: "Shiin."

"Tuli," ikasema kofia. "Si turi. Tuli."

"Amejulia wapi?" akauliza dada. Hakuthubutu kusogea.

"Anakaa nyuma ya mlango tukipiga simu. Anajua zote. Chubwi anajua, fofofo anajua." Kofia ilipanda kidogo, pua ikaonekana. "Nilimwambia njoo kwenye simu. Akasema anaona aibu."

Wanawake wawili walitazamana, na sidhani walihitaji kutafsiriwa hilo. Mmoja alikuwa nyuma ya mlango, mwingine alikuwa nyuma ya mtandao, na katikati yao miaka yote alisimama binti mmoja akinyoosha mgongo na kusema shikamoo.

Nje gari likapunguza mwendo. Lilikuwa lao, breki zake zinalia, kiikii, hata mtoto alizitambua, akaruka kutoka kitini na nywele zimesimama.

"Mama amerudi," akasema. Alimtazama bibi mmoja, akamtazama wa pili. "Nani atamwambia?"

Yule mama alielewa "mama" na akaelewa macho ya mtoto. Akaushika mkono wa dada. Wakasaidiana kuinuka, magoti manne mabovu, na hakuna kati yetu aliyethubutu kwenda kuwasaidia.

"Nitamwambia mimi," akasema dada.

"Kwa Kijapani?"

"Sina Kijapani, mjukuu wangu." Alisema hivyo mbele ya nesi na Jumamosi yote. "Kwa Kiswahili. Mama yako anakijua. Alikijua tangu zamani."

Mlango ukafunguliwa. Mkwe aliingia akivuta begi, kijana nyuma yake, na wote wawili wakasita walipoona namna tulivyokuwa tumesimama. Alimwona mama yake ana vumbi magotini. Alimwona dada ana vumbi magotini. Hakuelewa, na kama mtu aliyelelewa vizuri alianzia pale anapoanzia siku zote, mgongo umenyooka.

"Shikamoo, mama."

Perapera alifungua mdomo. Alilitafuta neno kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Marahaba, mwanangu. Weka begi chini."